Maaskofu waliokwenda Goma hawakuisaliti Kongo

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington, Rais Donald Trump akiwa shahidi. Wiki haikuisha, wapiganaji wa M23, kundi la waasi la mashariki mwa Kongo, wakaingia Uvira, mji mkubwa wa mwisho wa Kivu Kusini uliokuwa bado mikononi mwa serikali, jirani kabisa na Bujumbura. Siku chache baadaye walitangaza kwamba wangeondoka kwa ombi la Marekani, lakini tangu hapo kuna hoja iliyopata nguvu mpya, Kinshasa na hata huku kwetu Tanzania. Inasema kwamba Uvira imemaliza mjadala, kwamba mwenye bunduki hasikii ila bunduki, na kwamba viongozi wa dini walioshinikiza mazungumzo tangu mwanzo wa mwaka waliwapumbaza Wakongomani kwa mahubiri ya amani wakati nchi inaibiwa. Naona hoja hiyo imewaelewa vibaya viongozi hao, na imeielewa vibaya zaidi elimu ya dini juu ya vita. Maaskofu na wachungaji hawakuikana haki ya Kongo kujihami. Walichofanya ni kuuliza maswali ambayo mapokeo ya dini yamedai yaulizwe kabla ya kila vita, na majibu hayakuwafurahisha wakubwa. Penye udhaifu wao ni pengine kabisa, kwenye suala la haki kwa waliotendewa, na ndipo tunapopaswa kuwabana.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Katikati ya Januari 2025 Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kongo, CENCO, pamoja na Kanisa la Kristo la Kongo, ECC, linalounganisha madhehebu mengi ya Kiprotestanti, yalitangaza mpango wa pamoja wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja, ndani ya Kongo na katika Maziwa Makuu yote. Kabla mwezi haujaisha Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Ujumbe wa makanisa hayo mawili ukaonana na Rais Tshisekedi Kinshasa, kisha tarehe 12 Februari ukafika Goma kukutana na Corneille Nangaa, kiongozi wa kisiasa wa muungano wa AFC/M23, halafu ukaenda Kigali kwa Rais Kagame. Siku chache baadaye Bukavu nayo ikatwaliwa. Picha ya makasisi na wachungaji wameketi na Nangaa katika mji ambao maiti zilikuwa zimeokotwa barabarani wiki mbili tu nyuma iliwaumiza watu wengi, na maumivu hayo siyabezi. Aliyepoteza ndugu pale Goma ana haki ya kukasirika. Lakini kutokana na hasira hiyo wanasiasa walijenga tuhuma, kwamba Kanisa limechagua upande wa adui, na tuhuma hiyo haikubaliani na kumbukumbu za miaka hii saba.

Nangaa huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2018. CENCO iliweka waangalizi wapatao 40,000 katika uchaguzi ule, na Januari 2019 tume ilipomtangaza Tshisekedi mshindi, maaskofu walisema hadharani kwamba matokeo yale hayalingani na takwimu zilizokusanywa na waangalizi wao. Kwa hiyo mtu waliyemfuata Goma ni yule yule waliyesimama dhidi yake wakati alipokuwa na muhuri wa serikali. Tarehe 4 Desemba 2022, M23 ilipokuwa imekwisha kuitwaa Bunagana na Rutshuru, ni CENCO hiyo hiyo iliyowatoa waumini barabarani, Kinshasa na miji mingine, kuandamana dhidi ya njama ya kuikatakata nchi na dhidi ya unafiki wa mataifa makubwa. Na mwaka 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, askofu mkuu wa Kinshasa, alianzishiwa uchunguzi wa kimahakama kwa kauli zake kuhusu jinsi serikali inavyoendesha vita ya mashariki, ikiwemo kuyapa silaha makundi ya mitaani. Mtu anaweza kusema maaskofu hawa ni wakaidi, au wanaingilia mno siasa. Kusema ni vibaraka wa Kigali ni kutosoma historia ya juzi tu.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Watu wengi wanaposikia kwamba Kanisa lina fundisho la vita ya haki hudhani ni kibali: ukivamiwa, umeruhusiwa, basi piga. Kumbe fundisho hilo, kuanzia kwa Agostino hadi kwa Thomas wa Akwino katika karne ya 13, lilijengwa kama mzigo juu ya mabega ya mtawala. Akwino alidai mambo matatu: vita itangazwe na mwenye mamlaka halali, iwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ikaongeza ukali. Madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika; njia nyingine zote ziwe zimeonekana haziwezekani au hazifai kitu; pawe na matumaini ya kweli ya kufanikiwa; na silaha zisilete ubaya mkubwa kuliko ule unaoondolewa. Masharti haya hayachaguliwi moja moja. Yote yatimie kwa pamoja, la sivyo mtawala hana hoja mbele ya dhamiri hata kama amevamiwa kweli.

Tuipime Kongo kwa kipimo hicho, bila upendeleo. Sababu ya haki ipo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti katikati ya 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo pamoja na M23, na tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwaunga mkono waasi na iondoe majeshi yake. Rwanda inakana, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Hata ukikubali kwamba hofu hiyo ina msingi, haihalalishi kuishika miji miwili mikuu ya nchi nyingine. Mamlaka halali ipo pia, ingawa ilizaliwa kwa uchaguzi wenye doa. Lakini sharti la matumaini ya kufanikiwa? Serikali ilileta kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2022, ikakiondoa baada ya mwaka mmoja. Ikaleta kikosi cha SADC, chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, ambacho muda wake ulikatishwa Machi 2025 baada ya kuzingirwa Goma. Ikaleta mamluki kutoka Romania, na dunia nzima iliwaona karibu 300 kati yao wakivuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi, wakipekuliwa na askari wa Rwanda. Ikawapa silaha Wazalendo, wanamgambo wa kienyeji, ambao katika vijiji vingi raia anawaogopa kama anavyowaogopa waasi. Askari wa Burundi walipigana bega kwa bega nao hadi Uvira. Wakati huo watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamekimbia makwao ndani ya nchi. Anayesema bado njia ya vita haijajaribiwa vya kutosha anapaswa aeleze ni nini hasa kilichobaki kujaribiwa, na nani atakilipia kwa maisha yake.

Msomaji wa Tanzania ana jibu tayari: 2013. Na ni jibu zito, halistahili kupitwa haraka. M23 ilipoiteka Goma mara ya kwanza Novemba 2012, Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya mashambulizi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ akaiongoza, na ilipofika Novemba 2013 waasi walikuwa wamesambaratika. Vijana wetu walimwaga damu kule na kazi waliyopewa waliimaliza. Mimi naamini ile ilikuwa matumizi halali ya nguvu kwa kipimo kile kile nilichokitaja: mamlaka ilikuwepo, lengo lilikuwa na mipaka, mafanikio yaliwezekana. Lakini angalieni kilichofuata. Wapiganaji walivuka kwenda Uganda na Rwanda, bunduki wakaziacha kwa muda. Matamko yaliyosainiwa Nairobi Desemba 2013 yakalala kwenye makabati. Wakimbizi Watutsi wa Kongo hawakurudishwa, maafisa hawakushitakiwa, jeshi halikurekebishwa. Mwaka 2021 ulipokaribia kwisha Sultani Makenga, kamanda wa M23, alikuwa amerudi uwanjani. Ushindi wa askari wetu ulinunua miaka minane, na wanasiasa hawakuitumia. Kwa hiyo 2013 haithibitishi kwamba vita inatosha. Inathibitisha kwamba hata vita iliyopiganwa vizuri hufungua tu mlango wa mazungumzo, na mlango huo ukiachwa bila kuingiwa hujifunga wenyewe.

Uislamu nao, ambao wengi huuingiza kwenye mjadala huu kupitia waasi wa ADF tu, una mizani inayofanana na hiyo. Aya ya tisa ya Suratul Hujurat inasema makundi mawili ya waumini yakipigana, yapatanishwe; na moja likiendelea kulidhulumu jingine, lipigwe vita lile linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu; na likirejea, basi suluhu iwe ya uadilifu. Tazameni mpangilio. Suluhu inatangulia, nguvu inakuja katikati kwa ajili ya kumzuia dhalimu, na suluhu inarudi mwishoni ikiwa imefungwa na sharti la haki. ADF, waliojitangazia utii kwa kundi la Dola la Kiislamu na ambao Julai 2025 waliwaua waumini zaidi ya 40 katika kanisa la Komanda, Ituri, wameivunja mizani hiyo katika kila kipengele. Na masheikh wa Beni walilisema hilo bila kuficha. Sheikh mmoja aliyekuwa akihubiri dhidi yao alipigwa risasi msikitini kwenye sala ya jioni, Ramadhani ya mwaka 2021, na kabla mwezi Mei haujaisha mwingine naye akauawa. Wanaodhani kwamba kiongozi wa dini anahubiri amani kwa sababu anaogopa vita wangewatazama masheikh hao. Au wangemtazama Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, aliyetumia wiki zake za mwisho kuililia dunia iwalinde raia na wakimbizi, akauawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema padri abaki altareni na siasa iachiwe serikali. Kongo isingekuwa na siasa ya kiraia hata kidogo kama makasisi wangebaki altareni. Mkutano Mkuu wa Taifa uliofuata mwisho wa utawala wa chama kimoja cha Mobutu uliongozwa na Askofu Laurent Monsengwo, na ulipofungwa kwa amri, Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 wakiwa na rozari na matawi, wakapigwa risasi. Makubaliano ya mkesha wa Mwaka Mpya 2016, yaliyomfungia Joseph Kabila njia ya muhula wa tatu, yalisuluhishwa na CENCO, na upinzani wakati ule, chama cha Tshisekedi kikiwemo, uliupokea usuluhishi huo kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema maaskofu warudi altareni. Tena, kama kuongea na M23 ni usaliti, wasaliti ni wengi. Wakuu wa nchi za EAC na SADC waliokutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, siku nne kabla ujumbe wa makanisa haujaonana na Nangaa, walitaka mazungumzo ya moja kwa moja yafanyike, M23 ikiwemo. Na tarehe 19 Julai serikali ya Kinshasa yenyewe ilitia saini tamko la kanuni na M23 mjini Doha. Kosa la maaskofu lilikuwa kulisema Februari jambo ambalo serikali ililikubali Julai.

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi: kwamba ukizungumza na aliyeshika bunduki, unawafundisha wengine kushika bunduki. Mpinzani aliyekaa bungeni miaka yote akipiga kelele hakuwahi kualikwa Doha; Nangaa alianzisha uasi Desemba 2023, na baada ya miaka miwili mataifa yanampigia simu. Hilo linakera na ni kweli. Msumbiji ilikabiliwa na swali hilo hilo. Serikali ya chama cha FRELIMO iliwaita waasi wa RENAMO majambazi wenye silaha, na maaskofu walipoandika mwaka 1987 kwamba watu wanataka amani na mazungumzo, walishambuliwa kwa maneno makali. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira akaenda porini kuonana na Afonso Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, na njia ile ndiyo iliyofika Roma, kwenye nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, tarehe 4 Oktoba 1992, siku Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walipotia saini. Vita iliyoua mamia ya maelfu ya watu ikakoma. Lakini siku kumi baadaye likapitishwa tangazo la msamaha wa jumla, hakuna aliyeulizwa alifanya nini, na mwaka 2013 bunduki za RENAMO zilisikika tena. Mimi naisoma Msumbiji kwa pande zote mbili: mazungumzo yalikuwa sahihi, na ukimya uliofuata ulikuwa kosa.

Hapa ndipo nitofautianapo na maaskofu wa Kongo, au niseme ndipo ninapowadai zaidi ya walichotoa. Kongo haikukosa mapatano. Jina lenyewe la M23 linatokana na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo yaliwaingiza wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la wakati ule, katika jeshi la taifa. Bosco Ntaganda, kamanda wa CNDP, alikuwa tayari anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, kwa hati iliyotolewa 2006. Akapewa cheo cha jenerali. Aliishi Goma hadharani, akipita mitaani na walinzi, mbele ya watu aliowatendea. Mwaka 2012 aliasi na M23 ikazaliwa. Hatimaye mwaka uliofuata alijisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30 huko The Hague. Ni mmoja. Makenga, aliyekuwa kanali katika jeshi hilo hilo, leo ndiye mkuu wa kijeshi wa M23. Mzunguko ni ule ule: uasi, meza, cheo, uasi. Mama mmoja wa Baraka anayeuza vitenge Ujiji, ambaye alivuka ziwa na wanawe, aliniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Baba, banasema amani, amani. Miye naulizaka tu: ule mwenye alichoma nyumba yangu, batamurudisha tena na nguo ya serikali?" Sijaona hati ya Doha wala ya Washington inayomjibu. Na bado sijasikia makanisa yakimjibu kwa sauti ile ile waliyotumia kudai mazungumzo.

Wangeweza kumjibu kwa maandiko yao wenyewe. Nabii Isaya anapoona panga zikifuliwa kuwa majembe, kabla ya hapo anasema Mungu atahukumu kati ya mataifa. Jembe linakuja baada ya hukumu. Yeremia aliwakemea viongozi walioiponya jeraha ya watu kwa juujuu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani. Papa Fransisko, ambaye katika waraka wake wa 2020 alisema ni vigumu sana siku hizi kuzungumzia uwezekano wa vita ya haki, alipofika Kinshasa mwaka 2023 alikaa na waathirika wa mashariki, akawasikiliza wakisimulia mmoja mmoja, wakiweka chini ya msalaba mapanga na visu vilivyofanana na vile vilivyowaulia ndugu zao. Kisha akahubiri msamaha. Mtiririko huo ndio ninaoutetea: kusikiliza kwanza, jina la kosa litajwe, msamaha utoke kwa aliyekosewa. Msamaha ukitolewa na wizara mahali pa aliyeumizwa, dini haina sababu ya kuubariki.

Kaskazini mwa Uganda kulikuwa na viongozi wa dini walioelewa ugumu huu kwa miili yao. Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, pamoja na viongozi wenzake wa Kianglikana, Kiorthodoksi na Kiislamu, walitetea mazungumzo na Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, wakati kila mtu alimwona mwendawazimu asiyezungumzika. Mwaka 2003 walitoka na mablanketi, wakalala nje mjini Gulu usiku kadhaa pamoja na maelfu ya watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwa kuogopa kutekwa. Walisukuma sheria ya msamaha ya mwaka 2000, na maelfu ya watoto-askari walirudi nyumbani kwa mlango huo. Hati za ICC za 2005 ziliwachanganya, maana waliona zinafunga njia ya Kony kutoka msituni. Kony hakusaini makubaliano yaliyotokana na mazungumzo ya Juba, lakini mapigano kaskazini mwa Uganda yalikoma na watu wakaondoka makambini. Somo ninalolichukua ni kwamba msamaha una anwani: mtoto aliyetekwa akapewa bunduki si sawa na kamanda aliyemteka. Mapatano yasiyotenganisha hao wawili yanamwonea mtoto na kumfaa kamanda.

Kama kutakuwa na mazungumzo ya kitaifa ya Wakongomani, na dalili zote zinaonyesha kwamba Kinshasa haitayakwepa milele, makanisa yataketi pale yakiwa na kitu ambacho Washington na Doha hazina. Yana parokia hadi vijijini, yana Tume za Haki na Amani katika majimbo, yana makatekista waliowazika wafu na wanaowajua kwa majina. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 kuhusu uhalifu wa miaka ya 1993 hadi 2003, ambayo inataja hata waumini na padri waliouawa Kasika Agosti 1998, imekaa miaka mingi bila mahakama ya kuifanyia kazi. CENCO na ECC wangeweza kutamka mapema, kabla ya kikao cha kwanza, kwamba hawatabariki hati yoyote inayomrudisha jeshini afisa anayetuhumiwa mauaji ya raia, awe wa M23, wa jeshi la serikali au wa Wazalendo, na kwamba chumba maalumu cha mahakama kwa makosa hayo ni sharti la mapatano, kisiachwe kisubiri baadaye. Na Tanzania, iliyoandaa kikao cha Dar es Salaam na iliyozika askari wake kwa ajili ya Kivu, ina haki ya kudai jambo hilo hilo kwa sauti kwenye meza ya wasuluhishi.